Mito Minne ya Buluu

Inspekta hakuwa mtu wa picha. Ukutani kwake nyumbani palikuwa na kalenda ya mwaka juzi na saa iliyosimama, na vyote viwili vilimtosha. Kwa hiyo alipotazama saa ya mkononi na kugundua kwamba amesimama mbele ya mchoro mmoja karibu saa nzima, katika ukumbi wa maonyesho ambao asubuhi hiyo ulikuwa bado haujafunguliwa, alijikasirikia.

Alikuwa amekuja kwa kazi ya dakika kumi. Leo ilikuwa Alhamisi, na jalada la kifo cha Bwana Miche lilikuwa lifungwe Ijumaa. Bwana Miche, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa akiotesha na kuuza miche ya matunda na maua. Miezi mitano iliyopita alipanda ngazi kurekebisha neti ya kivuli kwenye banda lake, ngazi ikateleza, akaangukia ukingo wa tangi la saruji. Mkewe, mchoraji mashuhuri, alisema katika maelezo kwamba alitoka nyumbani saa moja asubuhi kwenda mjini kununua rangi, akarudi saa sita mchana na kumkuta mumewe ameshapoa. Ikaandikwa ajali. Kila mtu akaweka sahihi na kwenda kula.

Kila mtu isipokuwa mama wa marehemu. Jana mama huyo aliingia kituoni na ukurasa wa gazeti, akautandaza juu ya meza ya Inspekta bila hata kusalimia. Katika ukurasa huo kulikuwa na mchoro: kiganja cha mwanamume kimelala udongoni, kinaota mimea.

"Huu mkono wa mwanangu," alisema. "Kile kidole cha mwisho alikivunja akiwa darasa la tatu, kikaunga vibaya. Nilikifunga mimi mwenyewe na kijiti."

"Mama, mjane kumchora mumewe si kosa."

"Sijasema kosa. Nimesema kaangalie."

Sasa alikuwa ameangalia, na kuondoka kulimshinda. Kiganja kilikuwa chali juu ya udongo mweusi. Katikati ya vidole ilichipua miche yenye majani mawili mawili, na kila jani lilikuwa na vinyweleo ambavyo mtu angeweza kuvihesabu. Mishipa ya kifundo iligeuka mizizi myeupe ikazama ardhini. Siafu walipanda dole gumba kwa mstari, kila mmoja amebeba ua. Na kwenye ncha za vidole vinne ilianza mito minne ya buluu, ikiteremka sambamba katika udongo, maji yake maangavu hata Inspekta akasikia kiu. Mito hiyo ndiyo iliyomshika. Aliiona nzuri, na uzuri wenyewe ukamsumbua, wala hakujua kwa nini.

"Wote wanakwama hapo hapo," alisema msimamizi wa ukumbi nyuma yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia shingoni, na alisema kila kitu kwa sauti ya mtu aliye karibu na mgonjwa. "Jana mtu mmoja alilia."

"Anayatoa wapi mambo haya?"

"Kichwani, afande. Yule anaota macho wazi."

"Na mkono?"

"Wa mumewe. Anasema alianza kuichora mwezi mmoja baada ya mazishi, kwa kumkumbuka tu. Mapenzi hayo. Mimi wangu nikiambiwa nimchore mkono, nitachora remoti ya televisheni imeegemea tumbo."

Inspekta aliandika: *mwezi mmoja baada ya mazishi, kwa kumkumbuka.* Kisha akaomba picha igeuzwe. Msimamizi alishtuka kama ameambiwa amvue mgeni nguo, lakini aliigeuza. Nyuma hakukuwa na jambo zaidi ya mhuri wa karakana iliyotengeneza fremu, na anwani yake.

"Picha inaondoka lini?"

"Keshokutwa. Aliyeinunua yuko ng'ambo."

"Haiondoki," alisema Inspekta, ingawa saa hiyo hakuwa na sababu hata moja ya kuizuia.

Karakana ya fundi fremu ilikuwa mitaa miwili mbele, chumba kirefu chenye harufu ya gundi na mbao mbichi. Fundi alikuwa mtu mfupi mwenye penseli sikioni na kovu la kioo kwenye kila kidole. Hakuacha kupiga msumeno mpaka aliposikia swali.

"Kwa kukumbuka?" Alicheka hadi akaweka msumeno chini. "Nani, yule? Yule hawezi kuchora hata yai mpaka yai liwe mezani."

"Watu wanasema ni ndoto zake."

"Watu hawajawahi kuingia studio yake. Umeiona picha ya njiwa mwenye manyoya ya majani? Ndoto gani! Alinunua njiwa sokoni, akamnyonyoa, akambandika majani ya mpera moja moja kwa gundi. Gundi yangu. Siku tatu. Na yule samaki mwenye magamba ya magome? Nilimpelekea fremu nikaiacha mlangoni, nikakimbia, nyumba nzima inanuka. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akimsaidia. Anabebesha tawi la mti huu kwenye shina la mti ule, vitu visivyopatana, mpaka vishikane na kuota. Halafu mkewe anakaa kwenye stuli na kuchora alichokiona. Yule habuni, afande. Yule anaangalia. Hajui kazi nyingine duniani."

"Na kiganja?"

Kicheko cha fundi kikaisha taratibu.

"Hicho sikuuliza," alisema. "Lakini rasimu zake ninazo. Sita. Aliniletea nizitie vioo zitundikwe pembeni ya picha kubwa. Kioo kikachelewa."

Alizitoa kwenye droo pana na kuzipanga juu ya benchi. Zilikuwa za penseli, kila moja ya ukubwa wa daftari, na zote zilikuwa za kiganja kile kile juu ya udongo. Hakukuwa na miche, mizizi wala mito. Kwenye pembe ya kila karatasi palikuwa na mwandiko mdogo, ulionyooka.

"Huwa anaandika nini hapa?"

"Tarehe, saa na mwanga. Siku zote. Anasema kivuli cha saa tatu si kivuli cha saa nne. Nikizipanga kinyume ananifokea kama mtoto."

Inspekta alivaa miwani. Tarehe ilikuwa moja kwenye karatasi zote sita, naye aliijua kwa moyo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu ya jalada. Karatasi ya kwanza iliandikwa *saa 3:20, mwanga wa mashariki, neti.* Ya pili saa 3:45. Ya tatu saa 4:10, ya nne saa 4:40, ya tano saa 5:05. Ya mwisho ilikuwa saa 5:30.

Kwa hiyo hakuwa mjini. Alikuwa bandani asubuhi yote, amekaa na maiti ya mumewe, anachora. Inspekta alilitafakari jambo hilo kwa kisirani. Lilikuwa uongo kwa polisi, na lilikuwa ukosefu wa haya, lakini maiti ni maiti. Hakimu angemsikiliza, angetikisa kichwa, angemtoza faini na kumwambia aende nyumbani.

Alikuwa karibu kuzikunja karatasi alipoona udongo.

"Nipe rula."

Alianza kupima, akiandika kila namba. Kwenye karatasi ya kwanza udongo ulikuwa laini, na vidole vimekunjwa juu ya bonge dogo. Kwenye ya pili vidole vilikuwa vimefunguka, na mbele ya ncha zake palikuwa na mistari minne mifupi, sentimita moja na nusu. Kwenye ya tatu vidole vilikuwa vimefumba tena, na mistari ilikuwa sentimita nne. Kwenye ya nne ilifika sita na imezama, hadi mchoraji ameitia kivuli ndani. Kwenye ya tano haikuongezeka. Kwenye ya sita haikuongezeka pia, na siafu wa kwanza alikuwa juu ya dole gumba.

Alimwaga vumbi la mbao juu ya benchi na kulisawazisha kwa kiganja.

"Fundi, weka mkono wako hapa, nyuma ya mkono chini. Sasa kandamiza kucha chini, kama unatafuta pa kushika. Jivute."

Fundi alifanya hivyo. Vidole vyake vinne viliacha mifereji minne katika vumbi, sambamba. Aliitazama, akaitazama karatasi ya nne, kisha akaupangusa mkono kwenye suruali mara kadhaa, ingawa haukuwa na kitu cha kupangusa.

"Maiti haikwaruzi udongo," alisema Inspekta.

"Mungu wangu."

"Mpaka saa nne na dakika arobaini alikuwa hai. Na mtu alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, anaandika saa."

Mito minne aliyoipenda asubuhi ilikuwa kucha za mtu anayetafuta pa kushika. Inspekta alivua miwani na kuirudisha mfukoni.

"Ningejua, ningezichana," fundi alisema.

"Ungezichana, nami nisingejua kitu. Zifunge kwenye karatasi safi. Andika hapa kwamba umenikabidhi sita, na saa."

Alipokuwa ndani ya gari alimpigia simu daktari aliyempima marehemu. Daktari alikwenda kutafuta nakala yake na kurudi akihema.

"Mgongo ulivunjika kiunoni, hilo unalo," alisema. "Lakini huo haukumuua. Bandama lilipasuka. Alivuja damu ndani kwa ndani, polepole. Hakuwa na pumzi ya kupiga kelele, ila mikono ilikuwa inafanya kazi."

"Angefikishwa hospitali saa tatu na nusu?"

"Asingetembea tena. Kufa, sidhani kama angekufa."

"Mbona hukusema?"

"Niliandika, ukurasa wa pili. Wewe uliuliza kama ni ajali, nikakujibu ni ajali."

Inspekta alikata simu. Alikumbuka, kwa uchungu, kwamba neno "papo hapo" halikuwa la daktari. Lilitoka kinywani mwake mwenyewe, siku ya mazishi, mama wa marehemu alipomshika mkono wa shati na kumuuliza kama mwanawe aliteseka. Alimwambia papo hapo, mama, hakusikia chochote. Alilisema ili amalize maswali na aondoke.

Mchoraji alikuwa kazini. Studio yake ilikuwa nyuma ya banda la miche, chumba cheupe chenye dirisha refu, na miche ya marehemu nje ilikuwa imekauka katika viriba vyake vyeusi vya plastiki. Juu ya meza palikuwa na gunzi la hindi lililong'olewa punje zote, na katika kila tundu amepachika mbawakawa wa kijani. Mgongo wa kila mbawakawa ulirudisha mwanga. Inspekta aliyakwepesha macho kwa nguvu.

"Karibu, afande. Usisogeze meza tu."

"Siku ile ulikwenda mjini?"

"Nimeshaandika hayo."

Inspekta alizipanga rasimu sakafuni, moja moja, kwa saa. Mwanamke aliacha brashi. Hakushtuka, bali aliinama na kuisogeza ya tatu kidogo, ikae sawa na nyingine.

"Fundi amezishika vibaya," alisema. "Hii ina alama ya dole."

"Ulirudi saa ngapi?"

"Sikufika mjini. Nilisahau pochi. Nikarudi kama saa tatu na robo."

"Ulimkuta hai."

"Ndiyo."

"Simu yako ilikuwa wapi?"

"Mfukoni mwa aproni niliyokuwa nimeivaa."

"Na karatasi?"

"Mkononi. Nilikuwa nimezichukua kwa ajili ya dukani, nilinganishe na rangi." Alishika brashi tena. "Nilimwambia nakwenda kuita watu. Hilo uandike, kwa sababu nilimwambia kweli. Halafu mwanga ukapita kwenye neti, ukauangukia mkono."

"Akasema nini?"

"Hakuwa na sauti. Alikuwa ananiangalia tu. Baadaye akaacha kuniangalia, akawa anaangalia neti."

"Saa mbili na zaidi."

"Nilinyanyuka mara mbili, afande."

"Ukakaa mara mbili."

Mchoraji alitazama dirishani. Nje, neti iliyomuua mumewe ilikuwa bado imechanika pale pale.

"Msimamizi amenipigia simu," alisema mchoraji. "Anasema ulisimama mbele ya picha karibu saa nzima. Askari, na kazi zako zote."

"Nilisimama."

"Ulikuwa unatazama nini?"

"Rangi."

"Na mimi."

Inspekta alitamani kumnasa kibao. Hakumnasa, na alijua kwamba nusu ya hasira ile haikuwa ya mwanamke huyo. Akamsomea haki zake, akamwambia achukue sweta. Mlangoni mchoraji aligeuka na kumwomba awafunike mbawakawa, wasipigwe na jua.

"Hapana," alisema Inspekta.

Saa kumi jioni mama wa marehemu alikuja kituoni kwa gari alilotumiwa. Alikuwa amevaa nguo yake ya kutokea, kana kwamba ameitwa kupewa cheti. Inspekta alimwingiza ofisini na kufunga mlango. Hakuketi.

"Mama, siku ya mazishi nilikuambia papo hapo."

"Ndiyo. Nimelala na neno hilo miezi mitano. Lilinisaidia."

"Nilikudanganya. Sikuwa najua. Nilitaka unyamaze."

Mama alimtazama. "Sema sasa."

Alisema. Hakumficha chochote, wala hakuongeza. Alitaja saa kama zilivyoandikwa kwenye karatasi, akataja alichosema daktari, akataja simu iliyokuwa mfukoni mwa aproni. Mama alisikiliza akiwa ameshika tama. Inspekta alipofika kwenye saa nne na dakika kumi, mama aliinua kidole kumsimamisha.

"Saa nne nilikuwa nafua," alisema. "Simu niliiweka dirishani, niisikie ikilia. Kutoka kwangu mpaka bandani ni mwendo wa kumaliza salamu. Ningefika miguu peku."

"Najua, mama."

"Hujui. Endelea."

Alimaliza. Mama aliuliza kama mkwewe atafungwa, naye akamwambia ukweli, kwamba wakili mzuri angeweza kuifanya iwe miaka michache. Akauliza picha iko wapi.

"Stoo ya vielelezo. Huna haja ya kuiona."

"Nipeleke, mwanangu."

Stoo ilikuwa chumba kisicho na dirisha. Picha ilikuwa imeegemezwa ukutani, kati ya baiskeli mbili za wizi na gunia lenye lakiri. Inspekta aliwasha taa. Alikuwa ameshaamua: mama akiitemea mate, akiichana, akiikanyaga, yeye atakuwa anaangalia kwingine. Angejua la kuandika baadaye.

Mama aliisogelea mpaka uso wake ukawa karibu kugusa rangi. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha akapitisha kidole juu ya kile kidole kilichopinda, bila kukigusa, akashuka mpaka kifundoni, akarudi.

"Kovu la kisu cha kubebeshea lipo," alisema. "Na hiki kialama chini ya ukucha. Alizaliwa nacho. Mimi nilikuwa nimeshakisahau."

Inspekta alisogea pembeni, asimzibie mwanga.

"Nilikuja kuitemea mate," mama alisema, na sasa alikuwa analia bila kujifuta. "Nimeshindwa. Ni yeye. Nimemzaa, nimemwogesha, nimemlisha, sijawahi kumwangalia hivi hata siku moja. Hakuna aliyewahi kumwangalia mwanangu hivi."

"Twende nje, mama."

"Ngoja. Wewe umesoma hayo makaratasi, nieleze." Aligeuka, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeuliza njia. "Mtu ameona mpaka kialama cha chini ya ukucha. Ameona vyote hivi. Alishindwaje kuona kwamba mume wake anakufa?"

Inspekta alikuwa na jibu moja tamu mdomoni, la kumwezesha mwanamke huyo kulala. Alilimeza.

"Aliona, mama."